Siatika Bila Kisu: Kairopraktiki Inamfaa Nani

Siatika haijulikani kwa mgongo, hujulikana kwa mguu. Maumivu huanzia kiunoni au takoni, yakashuka nyuma ya paja, yakapita kwenye shavu la mguu hadi kisiginoni au kwenye kidole gumba, karibu kila mara upande mmoja tu. Huwaka moto, hukata, au hupiga shoti. Mwenye kukohoa, kupiga chafya au kujikamua chooni huyasikia yakiruka hadi chini. Hapa visiwani mgonjwa huanza kwa kuchuliwa, akaenda kwenye sindano ya diklofenaki, na baada ya miezi akaanza kuogopa kwamba ataambiwa apasuliwe mgongo. Kati ya kuchuliwa na kupasuliwa kuna nafasi kubwa, na humo ndimo inamoingia tiba ya kairopraktiki, yaani kushughulikia viungo vya uti wa mgongo kwa mikono. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa, wengine haiwasaidii kitu, na wako wachache ambao inaweza kuwadhuru. Kuwatenganisha watu hao ndiyo kazi yenyewe, na haianzi kwa mashine ya gharama. Huanza kwa kujua neva, yaani mshipa wa fahamu, imebanwa na nini, kisha kuangalia maumivu yanaelekea wapi siku zinavyokwenda.

Kinachobana neva

Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini. Huundwa na mizizi mitano inayotoka chini ya uti wa mgongo: miwili ya pingili za mwisho za kiuno, ambayo madaktari huiandika L4 na L5, na mitatu ya mfupa ulio kati ya makalio, S1 hadi S3. Hupita chini ya msuli wa pirifomisi ulio ndani ya tako, ikashuka nyuma ya paja, na juu kidogo ya goti ikagawika matawi mawili. Mzizi ukibanwa kiunoni, maumivu husikika kule neva inakoishia. Kwa hiyo kuchua shavu la mguu asubuhi na jioni kunampa mgonjwa faraja, lakini hakugusi palipo na tatizo.

Kwa wagonjwa karibu 9 katika kila 10, kinachobana ni diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili. Kila diski ina ute mzito katikati na tabaka za nyuzi ngumu kuuzunguka. Nyuzi za nyuma zikichanika, ute hutokeza na kuugusa mzizi. Walioueleza uhusiano huo kwa uwazi ni madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, mwaka 1934, na tangu hapo upasuaji wa diski ukaenea duniani. Kilichochelewa kueleweka ni kwamba ute huo haubani tu, pia unachoma: una kemikali zinazoamsha uvimbe kwenye mzizi. Ndiyo maana mtu mwenye diski iliyotokeza kidogo huweza kulia usiku kucha, na mwenye iliyotokeza sana akawa anatembea zake.

Uvimbe huo una faida yake. Chembe za kinga zinazokuja pale huuona ute kuwa kitu kigeni na kuanza kuula. Vipande vikubwa vilivyokatika kabisa mara nyingi hunyauka zaidi kuliko diski iliyofura tu. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Jambo hili lazima likae kichwani mwa kila anayesikia sifa za tabibu yeyote, awe wa hospitali, wa hijama au wa kairopraktiki: aliyeanza tiba wiki ya tano angeweza kupona wiki ya tisa hata kama hakutibiwa. Swali la haki si kama wagonjwa wake walipona, ni kama walipona upesi zaidi au wengi zaidi ya wale ambao hawakutibiwa naye.

Kwa wazee, mara nyingi si diski bali ni njia ya neva iliyosinyaa kwa mifupa na kano kunenepa. Hawa hutambulika kwa mwendo: wakitembea kutoka nyumbani hadi msikitini miguu huanza kuuma na kufa ganzi, wakikaa barazani au wakiinamia meza ya duka maumivu hupungua. Mwenye diski hali yake ni kinyume, kukaa na kuinama ndiko kunakomtesa. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa sababu zoezi linalomponya mmoja humzidishia mwengine.

Wapo pia wenye maumivu ya mguu yasiyokuwa siatika hata kidogo. Kisukari huharibu neva za nyayo, lakini huanza miguu yote miwili, kwenye vidole, bila mgongo kuhusika. Nyonga iliyolika huuma zaidi kwenye kinena. Mkanda wa jeshi huweza kuuma siku kadhaa kabla malengelenge hayajatoka. Na sindano ya takoni iliyopigwa mahali pasipofaa huijeruhi neva yenyewe. Mahali pake ni robo ya juu ya upande wa nje wa tako, na mtu akisikia shoti kali ikishuka mguuni wakati anachomwa, amwambie muuguzi pale pale aitoe.

Dalili zinazokataza mikono

Kabla ya mtu yeyote kukugusa mgongo, haya yaulizwe. Ganzi sehemu za siri, tundu la haja kubwa na ndani ya mapaja. Mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujua. Haja kubwa kuponyoka. Miguu yote miwili kulegea. Hiyo ni dalili kwamba kifurushi kizima cha neva za chini kimebanwa. Upasuaji hutakiwa kufanywa haraka, ndani ya saa 48 ikiwezekana, na ukichelewa mtu huweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Aliyeko Micheweni au Kengeja, kisiwani Pemba, asilale akingojea boti ya kesho kwa nafsi yake: aende hospitali usiku huo huo, Chake Chake au Abdalla Mzee, ataje neno mkojo mlangoni, ili rufaa ianze kutayarishwa.

Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na mgongo unaouma hata mtu akilala ni dalili za kifua kikuu cha mifupa au ugonjwa mwengine ndani ya pingili. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo kwetu, na pingili iliyoliwa nacho ikisukumwa kwa nguvu inaweza kuvunjika. Aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu au mnazi, anayetumia steroidi kwa muda mrefu, mwenye mifupa iliyopungua nguvu kwa umri, na anayemeza warfarini au dawa nyengine za kuzuia damu kuganda, wote hawa hawasukumwi mgongo mpaka daktari awachunguze. Na mguu unaozidi kudhoofika siku hata siku si wa kairopraktiki, ni wa daktari wa upasuaji.

Udhaifu huo unaweza kuujua nyumbani. Shika ukuta, tembea hatua 10 kwa visigino huku vidole viko juu. Ukishindwa upande mmoja, mzizi wa L5 umeguswa. Kisha simama kwa mguu mmoja na ujinyanyue kwa ncha za vidole mara 10. Ukishindwa, ni S1. Kupanda ngazi na goti kukatika huelekeza kwenye L4. Fanya jaribio hili kila wiki. Maumivu yanaweza kupungua huku nguvu inapotea, na watu wengi hufurahia kupungua kwa maumivu wasione kwamba kiatu kinaanza kuburura.

Kairopraktiki inafanya nini hasa

Tiba hii ilianzishwa na Daniel David Palmer mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Palmer aliamini kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizosogea na kuzibana neva. Imani hiyo haina ushahidi, na tabibu anayekwambia leo kwamba atakutibu kisukari au pumu kwa kukusukuma mgongo, mwache. Lakini sehemu ya ufundi wake, ule wa kushughulikia viungo vya uti wa mgongo kwa mikono, imepimwa na kupata nafasi yake kwenye maumivu ya mgongo na kwa kiasi fulani kwenye siatika.

Ziara ya kwanza isiyo na uchunguzi si ziara. Tabibu aliyesomea atakuuliza maswali yote ya hapo juu, atagonga goti na kano ya kisigino kwa nyundo ya mpira, atapima nguvu ya kidole gumba, atapitisha pamba kwenye ngozi kutafuta ganzi. Atakulaza chali na kuunyanyua mguu ulionyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, mzizi umeguswa. Akinyanyua mguu usiouma na ule mgonjwa ndio ukauma, hiyo ni ishara yenye nguvu zaidi ya diski. Picha ya eksirei haioneshi diski wala neva. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonesha, lakini nayo husomwa kwa uangalifu, kwa sababu diski zilizofura huonekana kwa karibu asilimia 30 ya watu wa miaka 20 na asilimia 84 ya watu wa miaka 80 wasiokuwa na maumivu yoyote. Picha isiyolingana na mguu unaouma haina maana.

Mikono yenyewe hufanya kazi kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni msukumo mfupi wa haraka: unalala ubavu, upande unaouma ukiwa juu mara nyingi, goti la juu limekunjwa, na tabibu anasukuma kiungo kimoja kwa umbali mdogo sana. Mlio unaosikika ni wa gesi inayojitenga ndani ya maji ya kiungo. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake wala diski iliyoingia ndani, na kukosekana kwa mlio hakumaanishi tiba imeshindwa. Ya pili ni kuvuta taratibu kwenye kitanda kilichokatika katikati. Unalala kifudifudi, nusu ya chini ya kitanda inashushwa na kurudishwa: mivuto 5 ya sekunde 4 kila mmoja, kisha mapumziko, duru 3 kwa jumla. Kwa mwenye diski iliyotokeza vibaya au mzee mwenye njia iliyosinyaa, hii ya pili ndiyo ya kuanzia. Ni ya upole, na tabibu huweza kusimama mara maumivu yakianza kushuka mguuni.

Kipimo cha mafanikio ni hicho hicho: maumivu yanashuka au yanapanda. Yakitoka kwenye wayo yakarudi hadi gotini, kutoka gotini hadi takoni, kisha yakabaki kiunoni, unapona, hata kama kiuno kwa siku hizo kinauma zaidi ya mwanzo. Wagonjwa wengi hukimbia tiba nzuri hapa kwa kudhani ugonjwa umehamia mgongoni. Na kinyume chake ni kweli: kiuno kikawa chepesi huku ganzi inateremka kwenye vidole, hali inaharibika na tiba hiyo isimamishwe.

Mpango wa kawaida ni mara 2 au 3 kwa wiki kwa wiki 2, halafu hupunguzwa. Andika kwenye daftari mambo matatu: maumivu yamefika wapi mguuni, unaweza kukaa dakika ngapi, unaweza kutembea dakika ngapi. Kama baada ya wiki 4 hakuna hata kimoja kilichobadilika, hakuna sababu ya kuendelea kulipa. Anayekutaka ulipie mkupuo wa ziara 30 siku ya kwanza anauza biashara. Karibu nusu ya wanaosukumwa hupata uchungu wa misuli au uchovu. Huisha ndani ya siku moja au mbili. Ukizidi hapo, mjulishe kabla hajakugusa tena.

Ushahidi ukoje? Uchunguzi wa Italia uliochapishwa 2006 ulichukua wagonjwa 102 wenye diski zilizotokeza. Waliosukumwa kweli, asilimia 55 waliondokewa na maumivu ya mguu, na waliosukumwa kwa kuigiza ni asilimia 20. Wa Kanada wa 2010 ulikuwa na watu 40 tu, wote wameshindwa na tiba nyengine kwa miezi 3 au zaidi na wanangojea kupasuliwa. Waliopewa tiba ya kairopraktiki, asilimia 60 walipata nafuu sawa na ya waliopasuliwa, na walioshindwa wakapasuliwa baadaye bila kupoteza kitu. Hizo ni namba za kutia moyo, si za kufunga mjadala. Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unakubali tiba ya mikono kwa sharti moja: iambatane na mazoezi. Kuusukuma mgongo na kumrudisha mtu nyumbani bila zoezi ni nusu ya kazi.

Nyumbani, shambani na baharini

Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Uholanzi walilijaribu kwa wagonjwa 183 wa siatika, matokeo yakachapishwa 1999, na waliolazwa wiki 2 hawakuwapita waliokuwa wakijishughulisha kadiri walivyoweza. Siku moja au mbili za kupumzika zinatosha. Baada ya hapo tembea dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, kwenye ardhi iliyo sawa.

Mwenye diski alale kifudifudi dakika 3, kisha ajinyanyue kwa viwiko dakika 2, kisha anyooshe mikono huku nyonga zimebaki chini, mara 10. Arudie kila baada ya saa 2 au 3 za mchana. Maumivu yakipanda kuelekea kiunoni aendelee. Yakishuka mguuni aache. Mzee mwenye njia iliyosinyaa asifanye hivyo, yeye alale chali na kuvuta magoti kifuani taratibu.

Mikao yetu ya kila siku ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi. Kukaa mkekani miguu imenyooshwa mbele na mgongo umepinda, kama tunavyokaa tukichambua karafuu kuzitenga na makonyo, ni mkao uleule ambao tabibu huutumia kwa makusudi kuivuta neva ili aone kama imeumia. Mgonjwa akikaa hivyo saa tatu, anajifanyia kipimo hicho saa tatu. Achambulie mezani, au juu ya turubai lililowekwa kwenye benchi, na asimame kila dakika 20. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ni fupi mno: magoti yako juu ya nyonga, kiuno kimejikunja, na mikono inasukuma kwa nguvu. Kwa miezi hiyo mtu mwengine akune, au mbuzi iwekwe juu ya benchi imara.

Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani hufunga mbegu wameinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka. Kupiga goti moja mchangani maji yakiwa madogo kunapunguza mzigo kwa diski. Gunia la mwani mbichi lisinyanyuliwe na mmoja. Liburutwe, au ligawiwe mara mbili. Anayechuma karafuu asipande mti wakati mguu una ganzi, kwa sababu unyayo usiohisi tawi huteleza.

Kwenye swala, rukuu yenye magoti yaliyonyooka huivuta neva moja kwa moja. Dini imemfungulia mgonjwa mlango wa kuswali amekaa, na kiti kisicho kifupi, mgongo ukiwa wima, kinafaa. Chooni, kuchutama na kujikamua hupandisha presha ndani ya diski. Papai, mboga na maji ya kutosha hulainisha choo, na dawa kali za maumivu kama tramadoli hukifanya kigumu, jambo ambalo mgonjwa huwa haambiwi.

Kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu hulegeza misuli iliyokaza, na hakuna ubaya. Kukanyagwa mgongo na mtoto au mtu mzima kusifanywe.

Kupata huduma, na kisu kinapohitajika

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2005, linataka tabibu wa kairopraktiki awe na masomo yasiyopungua saa 4,200, yakiwemo saa 1,000 za kutibu chini ya usimamizi. Barani Afrika taaluma hiyo hufundishwa Johannesburg na Durban. Muulize alisoma wapi na muda gani; aliyesomea hakasiriki kuulizwa. Wako wachache eneo letu, na mgonjwa wa Wete kuvuka hadi Unguja au Dar es Salaam kumfuata ni saa nyingi za kukaa, yaani kitu kile kile kinachomuumiza. Akisafiri, akunje kanga na kuiweka nyuma ya kiuno, na asimame atembee ndani ya boti kila nusu saa. Lakini kabla ya safari hiyo aende kwa mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali iliyo karibu. Uchunguzi ni ule ule, mazoezi ni yale yale, na wataalamu wengi wa tiba ya viungo hufundishwa pia kusukuma na kuvuta viungo vya mgongo.

Ikiwa wiki 6 hadi 12 zimepita, mguu bado haumwachi mtu kulala wala kufanya kazi, na MRI inalingana na dalili zake, kupasuliwa si kushindwa. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ipo taasisi ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu iliyojengwa kwa msaada wa wakfu wa NED wa Uhispania, na Dar es Salaam ipo MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Uchunguzi wa Uholanzi wa 2007 uliwagawa wagonjwa 283: waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi, lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa sawa, asilimia 95 wamepona. Katika kundi la kungojea, asilimia 39 hatimaye walipasuliwa. Upasuaji huo huondoa maumivu ya mguu vizuri zaidi kuliko unavyoondoa ya kiuno, na mwenye maumivu ya kiuno tu, bila mguu, aulize mara mbili kabla ya kutia saini.